Uvimbe ndani ya bega la kijana: jinsi ya kufika thieta na kurudi nyumbani, kwa watu wa Mombasa

Naandika haya kwa yule mzazi, au mjomba kama mimi, ambae ametoka spitali leo na eksirei mkononi na neno ambalo hajawahi kulisikia maishani mwake, kondroblastoma, na sasa amekaa kwenye benchi nje hajui ampigie nani simu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kliaringi, natoa mizigo ya watu bandarini, na mpwa wangu alipopatwa na hii kitu akiwa na miaka 16 ndo nikajua bega la mtoto na kontena ni mamoja, ukifungua kabla makaratasi hayajakamilika mtajuta, na karatasi ikipotea njiani unarudi mwanzo wa foleni. Kwa hivo maelezo yangu yatakuwa ya makaratasi sana, mnivumilie.

Kwanza ujue ni kitu gani. Ni uvimbe unaoota ndani ya mfupa, kwenye kichwa cha mfupa karibu kabisa na kiungo, na huwapata zaidi vijana, wengi ni kati ya miaka 10 na 25 na wavulana ndo wengi. Si saratani, lakini si kitu cha kuachwa pia manake unakula mfupa polepole kama mchwa kwenye fremu ya mlango, nje rangi safi, ndani unga. Hupenda magoti na bega, na hapo begani ni ile sehemu ya juu ya mfupa wa mkono iliyo mviringo. Ni nadra, katika uvimbe wa mifupa wote ni kama mmoja kwa mia, ndo maana daktari wa mtaani anaweza kufanya kazi hadi astaafu bila kuuona hata mara moja. Aliyeueleza vizuri huu wa bega ni daktari mmoja wa Boston kule Marekani, Ernest Codman, mwaka 1931, ila yeye alidhani ni ndugu wa uvimbe mwengine, jina hili la sasa walilitoa madaktari Jaffe na Lichtenstein 1942. Huyo Codman mshike kichwani, atarudi huko chini.

Dalili zake ndo tatizo kwa sababu zinafanana na kila kitu. Bega linauma miezi, usiku linazidi, mkono hauinuki hadi juu, na ukimvua shati ukamtizama kwa nyuma unaona bega moja mnofu umepungua. Mpwa wangu ni kipa, basi sote tukasema ni mpira, alianguka vibaya. Dadangu akampeleka akachuliwe na mafuta ya nazi, halafu akapigwa chuku mgongoni, halafu kliniki moja (sitaitaja) ikampa sindano ndani ya bega mara tatu kwa miezi minne na hakuna aliyesema hebu tupige picha kwanza. Kwa hivo sheria yangu ya kwanza ni hii, kijana akiumwa bega au goti zaidi ya wiki tatu nne na usiku linamuamsha, eksirei kabla ya kitu chochote. Eksirei ni ya bei ya chini kuliko hizo sindano tatu. Na asichuliwe! Mfupa uliotobolewa ndani unaweza kuvunjika ukiuvuta na kuupinda, na hapo kazi ya daktari inakuwa mara mbili.

Hapa Pwani kuna mambo mawili zaidi lazima uyataje mwenyewe kwa daktari hata kama hajauliza. La kwanza ni sikoseli, kwa sababu sikoseli nayo inaua kichwa cha mfupa wa bega na maumivu yake yanafanana, na pia kama mtoto ana sikoseli watu wa nusukaputi lazima wajue mapema. La pili ni TB, manake TB ya mfupa ipo na inaweza kula bega, na kuna watu huanzishiwa dawa za TB kwa kukisia tu. Dawa za TB ni miezi mingi, usikubali zianze kwa kutizama picha peke yake kama nyama inaweza kuchukuliwa ikapimwa.

Picha

Eksirei ikiwa nzuri huonyesha doa la mviringo kwenye kichwa cha mfupa, na pembeni kuna mstari mwembamba mweupe kama mpaka, wakati mwengine ndani kuna vidoa vidoa vyeupe kama chumvi, hiyo ni chokaa. Omba picha mbili za bega, ya mbele na ya upande, moja haitoshi. Baada ya hapo daktari wa mifupa atataka MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na hapa usishtuke ukisoma ripoti kwamba mfupa wote umejaa maji maji na hata kiungo kina maji, kwa uvimbe huu hilo ni la kawaida, unachokoza mfupa ulio jirani hadi picha inatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Sisi tulilia bure wiki nzima kwa sababu ya sentensi moja ya ripoti. Siti skani inaonyesha vizuri ukuta wa mfupa umebaki unene gani na umetoboka wapi. Na kifua kipigwe picha pia, kwa sababu mara chache sana uvimbe huu hutuma mbegu kwenye mapafu japo si saratani.

Sasa makaratasi. Ukipigwa picha usitoke pale na ripoti tu, dai picha zenyewe, kwenye CD na kwenye flashi, na siku hiyo hiyo nenda saiba au kwa mtu mwenye laptopu ufungue uone zinafunguka. CD yetu ya kwanza ilikuwa tupu, tumefika nayo Nairobi, mimi mtu wa bandarini ambae naangalia sili ya kontena mara mbili sikuangalia CD! Na usiiache kwenye dashibodi ya gari na jua letu hili. Nunua faili moja ya plastiki yenye mifuko, kila karatasi iingie kwa tarehe, mbele andika jina, tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru, na BEGA LA KULIA au LA KUSHOTO kwa herufi kubwa.

Biopsi, hapa usikimbizane

Kama utasahau mengine yote basi shika hili. Kabla mtu hajakata kutoa uvimbe, lazima kipande kidogo kitolewe kipimwe, na kile kipande kitolewe na daktari yule yule atakaefanya oparesheni yenyewe, au kwa makubaliano nae. Watu wengi wanaona biopsi ni jambo dogo, sindano tu, yeyote anaweza. Sivyo, na sababu niliipenda sana nilipoelezwa. Kule sindano inakopita inaweza kuacha chembe za uvimbe njiani, na kama majibu yakija ni kitu kibaya zaidi, saratani ya kweli ya mfupa, basi ile njia yote ya sindano lazima ikatwe itolewe pamoja na uvimbe. Sasa kwenye bega kuna mfereji kati ya msuli wa bega na msuli wa kifua ambao madaktari hupenda kupita wakifanya oparesheni za kawaida, lakini kwa biopsi hawapiti hapo, wanapita ndani ya nyama ya mbele ya msuli wa bega wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu mshipa wa fahamu unaoendesha ule msuli, unaoitwa mshipa wa kwapa, unatoka nyuma unazunguka kuja mbele, kwa hivo ukilazimika kukata kipande cha mbele, kilichobaki nyuma bado kina umeme. Ukipita mfereji, au kwa nyuma, umechafua sehemu ambazo huwezi kuzitoa bila kumlemaza mtu. Kwa hivo swali la kumuuliza daktari ni rahisi, "daktari, wewe ndie utakaefanya oparesheni? Na sindano utaipitishia wapi?" Akikujibu vizuri bila kukasirika, huyo ni mtu wako.

Swali la pili ni, kipande kinaenda maabara gani na kinaenda na nini. Uvimbe wa mifupa husomwa pamoja na eksirei, yule mtu wa patholojia akitizama kioo chake, kile chenye kipande cha nyama, bila kuona picha anaweza kuchanganya, kwa sababu kondroblastoma ina zile seli kubwa kubwa ambazo pia zimo kwenye uvimbe mwengine, na kuna saratani moja ya gegedu inayofanana nao na inapenda kichwa cha mfupa hapo hapo. Wape nakala ya eksirei iende na chupa. Chupa iwe na fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, jina limeandikwa kwenye chupa yenyewe wala si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Halafu subiri. Mfupa hulowekwa kwenye dawa ulainike kwanza ndo ukatwe vipande vyembamba, kwa hivo majibu ya wiki mbili si uzembe. Hapo katikati jamaa watakupigia simu kila mmoja na shauri lake, mmoja ana shehe, mmoja ana mizizi kutoka Kaloleni, mmoja ana mtu India. Wasikize kwa adabu, dua pokea zote, kijana asiguswe. Majibu yakija na daktari akawa na wasiwasi, omba vile vioo na vipande vya nta ambamo nyama imegandishwa uvipeleke kwa mtu wa pili asome, ni haki yako na huwa vinahifadhiwa.

Oparesheni wapi?

Mombasa kuna wapasuaji wa mifupa wazuri, Coast General wapo na spitali za binafsi wapo, lakini uvimbe wa mifupa ni fani ndani ya fani na walioisomea hasa nchini ni wachache, wengi utawapata Nairobi. Sisi tulianzia Coast General, picha na MRI tukamaliza hapa hapa, halafu tukapewa barua ya rufaa. Usione haya kuuliza, "daktari, uvimbe wa bega kama huu umefanya mara ngapi?" Nilimuuliza mmoja akacheka akaniambia mara moja, miaka sita iliyopita, akaniandikia rufaa mwenyewe. Namheshimu hadi leo.

Pesa. Hakikisha SHA ya mzazi iko hai na mtoto ameandikishwa chini yake kabla hamjafika (SHA ni bima ya afya ya serikali, ndo iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024), na uende kaunta ya SHA ya spitali hiyo hiyo uulize idhini anaomba nani, inachukua siku ngapi, na nini hakimo. Mara nyingi kinachokushangaza si thieta bali vitu vya pembeni, simenti ya mfupa, vipimo vya nje, safari, malazi ya anaemlinda mgonjwa. Mchango wa familia ufunguliwe na mtu mmoja tu mwenye daftari. Na mkienda kwa treni ya SGR, mkalisheni bega bovu likiwa upande wa dirisha, si upande wa njia ambapo kila mtu anapita na begi. Kutoka Miritini hadi mjini msipande tuktuk siku za mwanzo baada ya oparesheni, zile barabara mnazijua.

Wanachofanya thieta

Oparesheni ya uvimbe huu kwa kawaida haiondoi mfupa wote. Wanakomba. Mfikirie muuza dafu pale Mama Ngina, anakata juu anafungua kidirisha, unakunywa maji, halafu anachonga kijiko cha kumbi na wewe unakomba ile nyama laini ukutani. Ndo hivo hivo. Daktari anafungua kidirisha kwenye mfupa, anakomba uvimbe wote kwa vijiko vya chuma vya saizi tofauti, halafu, na hii ndo sehemu inayotofautisha kazi nzuri na mbaya, anachukua mashine ndogo inayozunguka kwa kasi na kukwangua ukuta wa tundu kila pembe, kwa sababu kijiko hakifiki kwenye vishimo vidogo na mbegu ikibaki humo uvimbe unarudi. Wengine wanapaka dawa ukutani kama fenoli, au wanatumia baridi kali, kuua kilichobaki. Ndani ya thieta kuna eksirei ya kuzunguka wanayotizamia wako wapi.

Tundu likishakuwa safi linajazwa. Kuna njia mbili kubwa, na muulize daktari yake ni ipi na kwa nini. Moja ni mfupa, wanachukua wa mgonjwa mwenyewe pale kwenye nyonga au mfupa wa kuhifadhiwa, huu baadae unashikana na kuwa mfupa wa kawaida. Ubaya wake ni kwamba nyonga nayo inauma, mpwa wangu siku tatu za kwanza alilalamikia nyonga kuliko bega. Pili ni simenti ya mfupa, plastiki ya jamii moja na ile ya meno ya bandia, inachanganywa pale pale inaganda kwa dakika chache na ikiganda inatoa joto ambalo nalo huua mbegu, na mfupa unapata nguvu siku hiyo hiyo. Uzuri mwengine wa simenti ni kwamba uvimbe ukianza kurudi unaonekana kwenye eksirei kama mstari mweusi kati ya simenti na mfupa. Kwa kijana mdogo ambae bado anarefuka wengi hupendelea mfupa.

Kwa huyo ambae anarefuka kuna jambo lazima mzazi alijue kabla ya kutia saini. Ule mstari wa kukulia ulio juu ya mfupa wa mkono ndo unaoleta karibu asilimia 80 ya urefu wa mfupa huo, na uvimbe wetu hukaa juu yake au huupitia. Daktari atajitahidi asiuguse lakini uliza wazi, umebaki kiasi gani cha kukua, na kama mstari huo utaumia, mkono utapungua kiasi gani. Mkono ukiwa mfupi kidogo mtu anaishi vizuri tu, lakini usije ukaambiwa baadae. Uliza na huo mshipa wa fahamu wa kwapa niliousema. Kama uvimbe umeshakula kichwa chote au majibu yalikuwa ya kitu kingine, hapo habari inabadilika, kunaweza kuhitajika kuondoa kichwa cha mfupa na kuweka cha chuma, au dawa za saratani kabla ya kisu, ndo maana nimesisitiza majibu yaje kwanza.

Siku yenyewe chakula kinakatwa masaa 6 kabla, maji matupu huruhusiwa hadi masaa 2 kabla lakini fuata wanavyokwambia wao. Bibi asimpenyezee uji kwa huruma! Anayetapika akiwa kwenye nusukaputi anaweza kuvuta matapishi kwenye mapafu. Hakikisha bega limechorwa alama ya kalamu mgonjwa akiwa macho na wewe ukiona. Chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anatia saini, kwa hivo awepo, mjomba peke yake wanaweza kukukataa, mimi nilikataliwa asubuhi hiyo na dadangu alikuwa bado yuko kwenye matatu Thika Road.

Pamoja na nusukaputi wanaweza kumpiga ganzi ya shingoni inayolaza mkono mzima. Akiamka mkono ni kama si wake, na jicho la upande ule linaweza kulegea na sauti ikakwaruza, hii hutokana na ganzi na hupita. Sisi hatukuambiwa, dadangu akapiga kelele wodini ati mtoto amepooza. Ganzi huisha saa nyingi baadae, mara nyingi usiku, basi dawa ya maumivu aipate KABLA haijaisha, usisubiri aanze kulia.

Nyumbani

Mkono unakaa kwenye slingi, kwa wengi ni wiki 4 hadi 6, inategemea mfupa uliobaki una nguvu gani. Joto letu la Mombasa ndo adui, kwapa linajaa jasho na ngozi inachubuka, weka kitambaa cha pamba kavu hapo na ukibadilishe mara kadhaa kwa siku. Kuosha kwapa, ainame mbele taratibu mkono uning'inie wenyewe, asiuinue kando. Shati liwe la vifungo, mkono mbovu unaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Alale nusu amekaa, mito mitatu mgongoni na mmoja chini ya kiwiko. Kidonda kisilowe hadi nyuzi zitoke, kama siku 10 hadi 14. Kwa udhu shehe wetu alituambia apanguse juu ya bendeji tu inatosha. Baharini asahau kwanza, hata kama marafiki wanaenda Nyali kila jumamosi.

Vidole, kifundo na kiwiko avichezeshe kuanzia siku ya kwanza, akikaa tu mkono unavimba na kiwiko kinakakamaa. Bega lenyewe mpaka daktari aseme. Akishasema, zoezi la kwanza karibu kila mahali ni hili, anashika meza kwa mkono mzima, anainama, mkono mbovu unaning'inia kama ndoo kwenye kamba ya kisima, halafu anayumbisha kiwiliwili ili mkono wenyewe uchore duara ndogo, mbele nyuma, kando kando. Msuli wa bega haufanyi kazi, unabebwa tu. Na unajua zoezi hili linaitwa kwa jina la nani? Codman yule yule wa 1931. Mtu mmoja ana uvimbe wake na zoezi lake kwenye bega moja. Baadae fiziotherapi itaongeza kutambaza vidole ukutani, mpira wa kuvuta, hadi miezi kadhaa. Mpwa wangu alikuwa mvivu hadi nikabandika karatasi kwenye friji, asubuhi, adhuhuri, magharibi, anatia tiki, asiyetia tiki hapati wifi.

Rudi spitali haraka, hata kama ni usiku, akipata homa, kidonda kikitoa usaha au kikinuka, vidole vikiwa baridi au vya buluu, au ganzi ikiisha lakini ngozi ya nje ya bega imebaki haina hisia na hawezi kuinua mkono kando hata kidogo, hiyo ya mwisho inaweza kuwa ule mshipa wa kwapa.

Na baada ya mwaka?

Uvimbe huu unaweza kurudi hata ukikombwa na bingwa, na mwingi unaorudi hurudi miaka 2 au 3 ya mwanzo. Wengi huitwa kila miezi mitatu minne hadi sita mwanzoni, kupigwa picha ya bega na kifua, halafu mara moja kwa mwaka. Hapa ndo watu hupotea. Mtoto haumwi tena, amerudi uwanjani, nauli ya Nairobi ni pesa, mnasema inshallah amepona. Huyo Codman aligombana na wakubwa wa spitali yake kwa jambo hili hili, alitaka kila mgonjwa aliyepasuliwa afuatiliwe angalau mwaka mzima na matokeo yaandikwe kwenye kadi, yalikuwa mazuri au mabaya, na wenzake hawakupenda. Mimi nikisoma hayo nikasema huyu angekuwa kliaringi mzuri.

Kwa hivo tengeneza kadi yako. Karatasi moja mbele ya faili, tarehe ya kila eksirei, nani aliisoma, alisema nini, mkono ulifika juu kiasi gani siku hiyo, maumivu ya usiku yapo au hayapo. Picha mpya iwekwe kando ya ile ya kwanza baada ya oparesheni, daktari alinganishe hizo mbili mbele yako, ripoti ikisema tu "hakuna mabadiliko" muulize ukilinganisha na ipi. Eksirei za kawaida mnaweza kupiga hapa Mombasa na kumtumia daktari wa Nairobi akikubali, mnapunguza safari nusu.

Yetu ijayo ni mwezi wa nane, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na kipa mwenyewe ameshaanza kuulizia kama anaweza kuisogeza kwa sababu kuna mechi Mbaraki siku hiyo. Nimemwambia mechi ndo isogezwe.